Ni nani anayebaki nyumbani?

Maneno ya wazazi siku ya Yubile



Tumeombwa kusema juu ya wazazi na kazi. Hatukuja kuwafundisha. Sisi ni mume na mke wa hapa Bunia: mmoja ni mwalimu wa masomo ya msingi, mwingine anauza samaki sokoni. Tutasimulia yale tuliyoyaona nyumbani mwetu.

Mtoto wetu wa nne alipozaliwa, mama alikaa naye miezi sita, akimnyonyesha bila kumpa chakula kingine, kama waganga wanavyoshauri. Sheria ya kazi ya mwaka 2002 inampa mama mwenye mshahara majuma 14 ya mapumziko ya uzazi. Lakini mama wa sokoni hana mkubwa wa kazi wa kumlipa. Zamu yetu ya likelemba ndiyo iliyotulisha. Franka zilipokwisha, akarudi kungoja samaki wa Kasenyi tangu alfajiri.

Hatukukata shauri lolote. Zamani nyanya alikuwa karibu. Lakini vita vya mwaka 1999 hadi 2003 vilitawanya jamaa nyingi za Ituri, na yetu ilikuwa mojawapo. Kila mmoja wetu alidhani mwenzake ametengeneza jambo.

Jioni moja tulifungua daftari la binti yetu wa kwanza, mwenye miaka kumi. Kurasa za majuma matatu zilikuwa nyeupe. Tulipomwuliza sababu, akajibu: «Mtoto alikuwa analia.» Mwalimu wa watoto wa wengine hakujua kwamba wake mwenyewe hafiki masomoni!

Ndugu wapendwa, katika kila nyumba yenye mtoto mchanga yuko mtu anayebaki. Wazazi wasipoketi pamoja na kuamua ni nani, shauri hukatwa bila wao, na mara nyingi mzigo humwangukia binti mkubwa. Mwaka 2019 Serikali ilianza kutekeleza elimu ya msingi bila malipo. Lakini mlango uliofunguliwa haumfai binti aliyefungwa mtoto mgongoni.

Usiku ule tulihesabu franka zetu waziwazi. Baba aliomba kufundisha zamu ya mchana, akaacha masomo ya nyumbani aliyokuwa akilipwa. Mama alirudi kutoka sokoni kabla ya saa sita, akawapoteza wanunuzi wa jioni. Sombe ikawa mboga yetu karibu kila siku. Majirani walicheka kumwona mwanaume akifua vitambaa vya mtoto. Mzee mmoja alisema mke ametawala nyumba. Tulivumilia, na binti akarudi masomoni.

Papa Yoane Paulo wa Pili, katika Wosia wake wa Kitume Familiaris Consortio wa mwaka 1981, alifundisha mambo mawili ambayo tusiyatenganishe: kwamba kazi ya mama nyumbani iheshimiwe, wala shida isimlazimishe kuiacha, na kwamba baba asiyekuwapo huiletea jamaa yake madhara. Hatuwahukumu wanaokwenda Mongbwalu kutafuta dhahabu. Tunawaomba tu, kabla ya kufunga mzigo, waulize: ni nani anayebaki?

Basi, ni wakati gani mzazi abaki? Mtoto anaponyonya, mtoto anapougua, na pale yaya yake anapoanza kukosa masomo. Ni mama au baba? Yule ambaye kazi yake inaweza kungoja, wala asiitwe mtu asiye na kazi.

Lakini mjane hana mwenzake wa kugawana naye zamu. Kwa hiyo tunaomba kwamba, katika mwaka huu wa Yubile, kila shirika la parokia yetu litafute nyumba ambamo mtoto anamlea mtoto, na majirani wapokezane zamu.

Binti yetu amemaliza masomo ya msingi. Daftari zake tumezihifadhi, pamoja na lile lenye kurasa nyeupe.