Mpakato Wangu Bado Mzima

Fundi mmoja mjini aliniambia kompyuta yangu mpakato, ThinkPad X230 ya mwaka 2012, imekwisha. Eti nimuuzie kwa bei ya chuma chakavu. Humo mna tasnifu ya binti yangu, na ada ya chuo haikuniachia pesa ya kununua mpya! Nikanyamaza, nikarudi nayo nyumbani.

Nilinakili kila kitu kwanza, nikachomoa betri, ndipo nikashika bisibisi. Kumbukumbu, ile waiitayo RAM, ilikuwa gigabaiti 4. Nikaifanya 8, aina ya DDR3, kwani DDR4 haiingii. Diski ya kuzunguka nikaitoa, nikatia SSD yenye unene wa milimita 7.

Zamani nikiiwasha nachemsha chai. Sasa sijamimina, imeshawaka. Fundi bado anaulizia bei.