Kijiji Kinaweza Kubeba Wageni Wangapi?

(Hotuba iliyotolewa kwa viongozi wa vikundi vya kujisaidia waliokutana Kitisuru)



Nimepewa muda mfupi, kwa hiyo nitaingia moja kwa moja. Juzi katika kikundi chetu alikuja mama mmoja kutoka Kongo. Amekodi chumba kwa jirani yetu, anashona nguo, na alitaka kuingia katika mzunguko wetu wa kuchanga. Tulibishana mpaka giza likaingia. Mmoja akasema, "Akishapokea zamu yake akitoroka, tutamfuata Goma?" Mwingine akasema, "Sisi wenyewe mashamba yametuishia, sasa tunaongeza watu?" Hao si watu wabaya. Ni watu wanaojua shilingi yao inatoka wapi. Basi leo nataka tuangalie vijiji vingine vilivyopokea wageni, tuone vilichoka wapi.

Tuanze Ngara, Tanzania, karibu na mpaka wa Rwanda. Mwishoni mwa Aprili 1994, watu kama 250,000 walivuka daraja la Rusumo kukimbia mauaji na vita, kwa muda wa siku moja hivi. Siku moja! Wenyeji ni wakulima wa migomba na maharage, na hakuna aliyewauliza kama wako tayari. Sasa sikilizeni kwa makini, maana mambo hayakuwa sawa kwa kila nyumba. Mwenye shamba kubwa alipata soko la ndizi mlangoni pake, na watu wa kupalilia wakawa wa bei rahisi. Lakini jirani yake aliyeishi kwa kibarua alikuta malipo ya siku yameshuka, kwa sababu amekuja mtu mwenye njaa kumshinda, anayekubali kulima apewe chakula tu. Na akina mama, wa tajiri na wa maskini, waliona kuni zikienda mbali kila wiki. Miti ya karibu ilikatwa ikaisha.

Mnaona? Chakula cha wageni kilikuja kwa malori. Vilivyoisha ni vile vitu vya wote ambavyo hatuna desturi ya kuvihesabu: kuni, maji, nafasi darasani. Na aliyeumia zaidi alikuwa mwenyeji maskini, wala si yule anayekaa mbele kwenye mikutano.

Tanzania hiyohiyo ina habari nyingine. Warundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972 walipelekwa Ulyankulu, Katumba na Mishamo, sehemu zilizokuwa pori. Kila familia ilipewa shamba la kutosha, kiasi cha hekta 5. Kufikia katikati ya miaka ya 1980 walikuwa wanajilisha na kuuza mazao. Mwaka 2014 zaidi ya 160,000 kati yao na watoto wao walipewa uraia.

Najua mtaniambia, huko kulikuwa na ardhi. Ni kweli. Huku kwetu shamba la Kihara limegawanywa mpaka ng'ombe akigeuka anaingia kwa jirani. Kahawa iling'olewa, nyumba za kukodisha zikapandwa mahali pake. Lakini mgeni anayekuja upande huu hatafuti eka. Anatafuta chumba, kazi, na watu wa kumwamini.

Nanyi mmeshawahi kukaa na watu kama hao. Washona walitoka Zimbabwe wakafika huku Kenya miaka ya 1960 hivi, wakakaa Kiambaa, Kinoo na Githurai. Wanaume walitengeneza masanduku ya bati na kazi za mbao, wanawake wakasuka vikapu. Walikula jasho lao. Kilichowakwama ni karatasi. Bila kitambulisho huwezi kufungua akaunti ya benki, huwezi kusajili laini ya simu, na kununua ploti kwa jina lako ni ndoto. Watoto wakazaliwa hapahapa, wakazaa wajukuu, bado hawana nchi. Ni tarehe 12 Disemba 2020 ndipo serikali ilitangaza kuwapa uraia Washona 1,670. Jirani aliweza kuwapa chumba na urafiki, lakini karatasi hakuweza.

Siku hizi iko Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2021. Inaruhusu mkimbizi mwenye hati kufanya kazi, na inataka huduma za umma zitumiwe na wote, mwenyeji na mgeni. Kule Turkana wamejaribu hilo. Kambi ya Kakuma ilifunguliwa 1992, na kwa miaka mingi Waturkana walinung'unika kwamba malori ya msaada yanawapita. Kalobeyei, iliyofunguliwa 2016 hapo karibu, ilipangwa tangu mwanzo shule na zahanati ziwe za pande zote mbili. Kwa hiyo mtu wa msaada akija kijijini kwenu kwa ajili ya wageni, muulizeni mapema: bomba litafika kwa nani?

Na hesabu mfanye wenyewe. Tuseme bomba moja linahudumia nyumba 40, kila nyumba debe 5 kwa siku. Hizo ni debe 200. Debe likijaa kwa dakika 2, bomba linafanya kazi karibu saa 7. Ziongezeke nyumba 10, inakuwa zaidi ya saa 8. Linawezekana, ila mtu atapanga foleni usiku, na huyo mtu kwa kawaida ni msichana. Afadhali kamati ilijue hilo kabla ugomvi haujaanza.

Yule mama wa Kongo? Tulimkubali. Atachanga kama sisi, faini ni ileile, na zamu yake ni ya mwisho. Mtu anayechanga kwanza na kupokea mwisho atatoroka na nini? Ni sisi tunaoweza kumtoroka yeye, na hilo alilisema mwenyewe, tukacheka kwa aibu kidogo. Mkopo atangoja miezi sita, awe na wadhamini wawili. Tukakubaliana pia kwamba hakuna mwanachama atakayemwajiri mgeni chini ya malipo ya kibarua ya kila siku. Hilo lilipingwa zaidi kuliko yote, na waliopinga ni wenye mashamba. Nadhani mnaelewa kwa nini.

Maswali sasa. Yule mzee wa Gachie ameinua mkono tangu nilipotaja ng'ombe, aanze yeye.