Injini Ikishafunguliwa, Tubadilishe Nini?

(Hotuba ya Ofisi ya Miradi kwa wajumbe wa kamati za sharika, katika semina ya utunzaji wa mali za miradi)



Tumeombwa tuzungumzie jambo linaloleta mabishano vikaoni kila gari la mradi linapokwenda sevisi. Gari limepelekwa kubadilishwa mkanda wa taimingi. Kesho yake fundi anapiga simu: "Maadamu nimeshafungua, tubadilishe na beringi, sili, pampu ya maji na altaneta." Mtunza hazina anasema bajeti ni ya mkanda tu. Mwenyekiti anasema fundi anatafuta riziki. Nani asikilizwe?

Sisi wenyewe tumekosea mara mbili, tena kwa njia mbili tofauti.

Mara ya kwanza tulibana. Taa ya T-BELT iliwaka kwenye dashibodi, tukanunua mkanda mpya, lakini tukakataa kununua beringi inayokaza mkanda huo kwa sababu haikuwamo kwenye kifungu. Miezi michache baadaye, gari likiwa limebeba chanjo, beringi ile kuukuu ilikwama na mkanda mpya ukakatika mlimani. Mkanda huu ndio unaofanya valvu na pistoni zipishane kwa wakati wake. Ukikatika, katika injini nyingi za dizeli pistoni huzigonga valvu na kuzipinda, na ndivyo ilivyokuwa. Akina mama waliosubiri na watoto chini ya mwembe walirudi nyumbani jioni bila chanjo. Matengenezo yalitugharimu mara nyingi ya bei ya beringi ile.

Mara ya pili tuliogopa. Tulikubali kila kilichoandikwa kwenye orodha ya fundi, pamoja na altaneta na nozeli ambazo hazikuwa na tatizo lolote. Fedha tulizikopa kwenye kifungu cha mabomba ya maji, na kijiji kimoja kikangoja msimu mzima. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Nasi tumejifunza kwamba si kila mstari ukutani ni ufa.

Tangu hapo tunauliza maswali matatu.

La kwanza: kifaa hiki kikifa baadaye, itabidi tufungue tena sehemu hii hii? Mara nyingi gharama kubwa ya kazi hii ni ufundi, siyo mkanda wenyewe. Beringi ya kukaza na sili za oili zilizo nyuma ya mkanda zikibadilishwa leo, tunaongeza bei ya spea na ufundi kidogo tu. Pampu ya maji inategemea gari. Katika baadhi ya injini huzungushwa na mkanda huu huu, katika nyingine na feni belti iliyo nje. Ikiwa ya ndani, ibadilishwe. Ikiwa ya nje na haivuji, iachwe. Altaneta na stata hufunguliwa siku yoyote bila kuugusa mkanda wa taimingi.

La pili: kikifa, kitaua nini pamoja nacho? Sili ya bei ndogo ikivujisha oili juu ya mkanda, mpira wake huharibika kabla ya wakati. Altaneta ikifa, gari linaweza kusimama njiani, lakini injini inabaki salama.

La tatu: kimeonyesha dalili gani? Beringi izungushwe kwa mkono: je, inakwaruza au ina mchezo? Pampu iangaliwe kama ina alama za maji yaliyokauka. Kifaa kisicho na dalili, na kinachofikika kwa urahisi, kiandikwe kwenye daftari la gari kikaguliwe sevisi ijayo.

Ndugu wajumbe, maswali haya yaulizwe kabla gari halijaondoka uani. Someni kitabu cha gari. Magari mengi hutaka mkanda ubadilishwe kwenye kilomita 100,000, mengine 150,000, na kitabu ndicho chenye neno la mwisho. Mwombeni fundi orodha mbili zenye bei: ya lazima na ya ikibidi. Mjumbe mmoja aende gereji aone kwa macho yake, na spea kuukuu zirudishwe ofisini. Nunueni spea halisi, maana beringi bandia inaweza kufa kabla ya ile mliyoitoa.

Kwa wafadhili wetu tuna ombi moja. Bajeti ya matengenezo isitaje mkanda peke yake. Iruhusu na vile vidogo vilivyo nyuma yake, nasi tutawaletea risiti pamoja na spea zilizotolewa.

Wiki iliyopita gari letu lilifunguliwa tena. Fundi aliandika vitu saba. Tulikaa naye, tukauliza maswali yetu, tukabadilisha vinne na kuandika vitatu kwenye daftari. Hakukasirika. Alisema ni mara ya kwanza wateja kumuuliza sababu badala ya kumwomba punguzo.