Kabla ya Kumeza Kidonge: Maambukizi ya Damu na Dawa Zinazoshindwa Kutibu

Matini ya mazungumzo kwa mabaraza ya wananchi na vikundi vya wahudumu wa afya ya jamii, Kitui na Makueni



Chukulia mtoto wa miaka miwili anayeishi mbali na barabara ya lami. Usiku homa inampanda. Asubuhi mama ananunua vidonge vinne vya antibiotiki dukani, kwa kuwa pesa za dozi nzima hazipo. Homa inashuka, kisha inarudi. Siku ya nne mtoto hataki kula, anapumua kwa kasi, mikono na miguu imepoa, na kumwamsha ni shida. Hapo ndipo pikipiki inaitwa.

Mtoto huyu ni wa mfano, lakini wauguzi wengi wamewapokea wagonjwa wa namna hii. Mama alitaka mwanawe apone. Hata hivyo, vidonge vile vinne vimeifanya kazi ya hospitali kuwa ngumu zaidi, na ni vyema kila mzazi aelewe ni kwa nini.

Maambukizi ya damu hutokea bakteria wanapotoka walipokuwa, kama vile kwenye mapafu, njia ya mkojo, kidonda au kitovu cha mtoto mchanga, wakaingia katika mkondo wa damu. Mwili hupambana nao kwa nguvu hata viungo vyenyewe, kama figo na mapafu, vikaanza kushindwa kazi. Wanaoathirika zaidi ni watoto wachanga, akina mama waliojifungua karibuni, wazee, na wagonjwa wa kisukari, saratani au Ukimwi.

Uzito wa jambo hili ulionekana hapa hapa Kenya. Katika Hospitali ya Kilifi, kuanzia 1998 hadi 2002, watafiti walipima damu ya watoto zaidi ya 16,000 waliolazwa. Takriban robo ya vifo vyote vya watoto hospitalini humo vilikuwa vya watoto waliofika wakiwa tayari na bakteria katika damu. Kati ya watoto hao waliofariki, karibu asilimia 70 walifariki ndani ya siku mbili tangu kulazwa. Kwa hiyo anayechelewa nyumbani siku nne hufika wakati saa zilizobaki ni chache.

Ili kujua ni bakteria gani, maabara huotesha damu. Damu kidogo hutiwa katika chupa yenye chakula cha bakteria, ikawekwa kwenye joto, na majibu kwa kawaida huchukua siku moja hadi tatu. Kisha bakteria waliopatikana hujaribiwa kwa dawa mbalimbali ili kujua ipi inawaua. Mgonjwa mwenye dalili za hatari hasubirishwi: damu huchukuliwa, dawa huanzishwa mara moja, na majibu yakifika daktari hubadilisha dawa ikibidi. Lakini aliyekwisha kumeza antibiotiki nyumbani, damu yake inaweza isioteshe chochote ingawa bado ni mgonjwa sana. Daktari hubaki akikisia.

Madhara ya pili ni usugu. Dozi nusu huua bakteria walio dhaifu na kuwaacha wenye uwezo wa kuihimili dawa. Hao huzaana, na huenea kwa mikono, maji na kinyesi hadi kwa mtu ambaye hajawahi kumeza dawa hiyo. Mtoto anayeshukiwa kuwa na maambukizi ya damu kwa kawaida huanzishiwa penisilini pamoja na jentamaisini. Zikishindwa, hutafutwa seftriaksoni. Nayo ikishindwa, meropenemu, ambayo ni ghali na haipatikani kila mahali. Duniani kote, watu milioni 1.27 walikufa mwaka 2019 kutokana na bakteria sugu.

Maambukizi mengine huanzia hospitalini kwenyewe. Kanula iliyoingizwa mshipani na mpira wa mkojo ni milango ya bakteria, na mikono isiyooshwa hubeba vimelea kutoka kitanda kimoja hadi kingine. Wakati wa kiangazi maji hupungua Ukambani, lakini maji ya kunawa mikono wodini hayafai kuwa ya kwanza kupunguzwa. Mgonjwa au jamaa yake ana haki ya kumkumbusha mhudumu, kwa heshima, anawe mikono kabla ya kumgusa mgonjwa. Mkono wenye kanula ukivimba, ukiwa mwekundu au ukiuma, muuguzi aambiwe mara moja.

Usugu huanzia pia zizini. Antibiotiki zinazochanganywa katika maji ya kuku bila ushauri wa daktari wa mifugo hukuza bakteria sugu kwa njia ile ile. Mfugaji aliyetibu mnyama angoje siku zilizoandikwa kwenye dawa kabla ya kuuza maziwa, mayai au nyama.

Basi, nini kifanyike?

Kwanza, antibiotiki zitolewe kwa maagizo ya mhudumu wa afya aliyehitimu. Mafua na vikohozi vingi husababishwa na virusi, na antibiotiki haziui virusi.

Pili, dawa imezwe kama ilivyoagizwa hadi mwisho, na isigawiwe jirani wala kuwekwa akiba.

Tatu, anayefika hospitalini aseme wazi kila dawa aliyomeza, na abebe pakiti. Hakuna aibu katika kusema, na mhudumu asimkaripie.

Nne, watoto wakamilishe chanjo. Chanjo ya nimokoka, iliyoanza kutolewa nchini mwaka 2011, huzuia moja ya bakteria wanaoingia katika damu na mapafu ya watoto.

Tano, homa ikiandamana na kupumua kwa kasi, kuchanganyikiwa, degedege, baridi ya mikono na miguu, au mtoto kukataa kunyonya, safari ya hospitali ianze saa hiyo hiyo, hata usiku. Mhudumu wa afya ya jamii aliye karibu ajulishwe ili asaidie kupanga usafiri.

Mama yule wa mfano angempeleka mtoto kwenye zahanati siku ya kwanza, daktari angekuwa na siku tatu zaidi za kumtibu, na damu ambayo ingeweza kutoa jibu.