Usimfiche Daktari Dawa Zako Kabla ya Kupasuliwa
(Hotuba iliyosomwa katika mkutano wa tawi)



Nimeombwa niseme machache juu ya afya. Mimi si daktari. Mimi ni mtu wa njia ya reli, na masomo yangu yaliishia shule ya misheni. Lakini jambo hili lilinipata mimi mwenyewe, na baadaye nilimwuliza daktari mpaka nikaelewa.

Nilipatwa na ngiri, nikapewa siku ya kupasuliwa. Wakati huo nilikuwa nikimeza vidonge vya ugonjwa wa sukari, viitwavyo glibenklamaidi. Nesi aliponiuliza, "Unatumia dawa gani?" nilijibu, "Hakuna." Niliogopa habari zisije zikafika kazini, nikaondolewa katika genge langu.

Siku ilipofika sikula kitu, kama nilivyoamriwa, lakini vidonge nilimeza kwa siri. Haukupita muda jasho likanitoka, mikono ikatetemeka, nikawa nasema maneno yasiyo na maana. Nesi akanichoma kidole, akaona sukari imeshuka mno. Nikatiwa maji ya sukari katika mshipa, na kupasuliwa kukaahirishwa. Daktari aliniambia, "Kama ungalikuwa umekwisha lala kwa nusukaputi, nani angaliona kwamba unatetemeka?"

Ndugu zangu, haya ndiyo niliyojifunza.

Kwanza, vidonge kama vile vyangu hushusha sukari hata kama tumbo halina kitu. Kwa kawaida havimezwi asubuhi ya kupasuliwa. Lakini mwenye kutumia insulini asiiache yote kwa hiari yake, maana bila insulini aweza kuzidiwa. Aulize apunguze kiasi gani.

Pili, viko vidonge vya sukari vinavyotoa sukari kwa njia ya mkojo, kama dapagliflozini na empagliflozini. Hivi huachwa siku 3 kabla ya kupasuliwa. Mtu akivimeza huku hali, damu yake yaweza kujaa asidi, na kipimo cha sukari kisionyeshe hatari yo yote.

Tatu, siku hizi ziko sindano za semaglutaidi, ambazo wengine huziita Ozempic. Wapo wanaozitumia kwa ugonjwa wa sukari, na wapo wanaozitumia ili wapungue unene. Sindano hizi hulichelewesha tumbo kujitoa chakula. Waweza kufunga tangu jana, na chakula kikawa bado kimo. Nusukaputi ikikulaza, kikohozi nacho hulala. Chakula kikipanda chaweza kuingia katika mapafu, na hilo laweza kuua.

Mwaka 2023 madaktari wa nusukaputi wa Marekani walishauri sindano ya kila juma iachwe juma zima kabla ya kupasuliwa. Mwaka 2024 wao na madaktari wengine walisema wagonjwa wengi waweza kuendelea nayo, lakini kila mtu apimwe kwa hali yake. Wengine huambiwa wanywe vitu vya majimaji tu kwa saa 24. Kwa hiyo usiiache wala usiendelee nayo kwa shauri la rafiki. Mwambie daktari mapema, siyo asubuhi ile ya kupasuliwa. Na kama unatapika au tumbo limejaa, sema pia.

Najua mtauliza, "Je, bwana mkubwa akijua?" Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka 2017 inataka habari za mgonjwa ziwekwe siri, isipokuwa kwa idhini yake, kwa amri ya korti, au kwa sababu nyingine za sheria. Akionewa mwanachama kwa ajili ya ugonjwa wake, na alete habari hapa kwenye chama. Hiyo ndiyo kazi ya chama. Lakini chama hakiwezi kumsaidia mtu aliyekwisha fia mezani kwa kuficha vidonge.

Sisi watu wa reli hatuingii njiani kufungua reli kabla ya kumwarifu mwenye stesheni, maana gari laweza kuja. Basi hali kadhalika kwa daktari. Andika majina ya dawa zako zote, kiasi chake, na siku uliyochoma sindano ya mwisho. Karatasi hiyo itie mfukoni, na nyingine mwachie mama watoto, kwani ajali haingoji miadi.

Mimi nilirudi baada ya majuma kadhaa, nikasema kweli yote, nikapasuliwa salama. Leo niko kazini, na genge langu lajua nina sukari.

Umoja ni nguvu.