Simu Ikae Mkononi mwa Mwalimu
Hotuba ya Mweka Hazina kwenye harambee ya mwaka



Mwaka huu tunaomba mchango kwa jambo ambalo baadhi yenu mlilipinga kikaoni: kutumia kundi la WhatsApp kusaidia masomo ya sekondari kwetu. Mlisema simu zinaharibu watoto. Hoja hiyo tunaiheshimu, na tunaijibu hapa.

Tukumbushane kwanza. Tabora ilikuwa njia panda ya misafara ya Bagamoyo na Ujiji. Mfuko wa barua za Livingstone, ulioandikwa Novemba 1870, ulikawia njiani na kukwama kwetu Unyanyembe, hadi Stanley alipoufikisha Ujiji mwaka 1871. Barua zilikuwepo. Aliyekosekana ni wa kuzifikisha.

Leo yaliyokwama ni maswali ya watoto wetu. Mwanafunzi wa kidato cha tatu ana swali la hesabu, na mwalimu wake ana madarasa mengi. Jibu tunalo sisi tuliosoma: wahandisi, wauguzi, wahasibu, walimu wastaafu, tulioko Dar es Salaam, Mwanza na Dodoma.

Shule zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, tuliona wenyewe. Nyumba yenye simu janja na bando, mtoto alitumiwa mazoezi. Jirani yake asiye nayo alikaa bure hadi shule zilipofunguliwa mwishoni mwa Juni. Kwa hiyo hatuombi simu za wanafunzi. Mwanafunzi haruhusiwi kuja na simu shuleni, na ibaki hivyo.

Utaratibu wetu ni huu. Walimu waligawiwa vishikwambi vilivyotumika kwenye Sensa ya 2022. Kinachopungua ni bando, na mtu wa kujibu upande wa pili. Wanafunzi wataandika maswali kwenye daftari la darasa. Ijumaa mwalimu atapiga picha ukurasa ule na kuutuma kundini. Mwanachama wa zamu atajibu kwa sauti au kwa maandishi. Jumatatu darasa zima litasikiliza kwa spika, na mwalimu ataendelea kutoka hapo. Mtoto hagusi simu. Sura yake, jina lake na alama zake haziingii kundini. Ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na sisi hatuko juu yake.

Ndugu zetu, tuseme na ukweli wa vitabu vya hesabu. Miaka ya nyuma tulinunua kompyuta kwa shule moja, tukapiga picha, tukaondoka. Tuliporudi zilikuwa bado kwenye maboksi, vumbi juu. Hatukutenga hata shilingi ya kuziendesha, wala hatukumwandaa mtu wa kufundisha. Kwenye vitabu vyetu ziliendelea kusomeka kama mali, lakini watoto hawakupata kitu. Kosa lilikuwa letu, si la shule.

Safari hii hatununui kitu kikubwa: spika, madaftari, na bando la kila mwezi. Stakabadhi zitatumwa kwa wanachama wote kila mwisho wa mwezi. Tutaanza na shule moja kwa muhula mmoja. Walimu wakisema haisaidii, tutasimamisha, na salio litaingia kwenye mfuko wa madawati.

Kwenye kadi ya ahadi mtaona nafasi mbili. Ya kwanza ni ya fedha. Hata kidogo kinapokelewa, maana haba na haba hujaza kibaba. Ya pili ni ya zamu: andika somo unaloliweza na wiki utakayojibu. Tunawaomba msiiache wazi. Tukichanga fedha bila zamu, tutakuwa tumenunua maboksi mengine.

Swali la mtoto wa Kanyenye lisikwame tena njiani.