Jenga Kwanza Kwenye Kompyuta

Msikilizaji, kabla fundi hajachimba msingi, nyumba yako inaweza kusimama nzima ndani ya kompyuta. Huo si mchoro mtupu. Kila ukuta, dirisha na bati hubeba taarifa zake: unene, aina, kiasi cha joto kinachopenya. Badilisha dirisha moja, na vipimo vyote vinavyolihusu vinabadilika.

Kielelezo hicho cha kompyuta husaidia pia kubuni nyumba inayojitosheleza kwa nishati, yaani ile ambayo kwa mwaka mzima huzalisha umeme usiopungua ule inaotumia. Ikiwa umeme huo unatoka kwenye paneli za jua, mahali pa kuziweka ni muhimu: Dar es Salaam, jua la adhuhuri mwezi Juni huwa upande wa kaskazini, Desemba kusini kidogo. Programu za usanifu kama Revit huonyesha, saa kwa saa, kivuli cha mwembe wa jirani kitakapoangukia. Jambo hili ni zito: paneli moja ikifunikwa na kivuli, zile zilizounganishwa nayo kwa mfululizo nazo zinaweza kupungua nguvu.

Lakini tafadhali, usianze na paneli. Anza na joto! Madirisha mapana ya magharibi hukaribisha jua la alasiri, nawe ukalipia kiyoyozi. Yahamishe, refusha upenu, weka kizuia joto juu ya dari, ndipo uhesabu paneli. Mwombe msanifu majengo akuonyeshe hesabu hizo kabla hujanunua tofali.